Kuhubiri kwetu Walutheri: maswali ninayoulizwa kila mara na wanaoanza

Mimi nahubiri huku Malindi, si kila Jumapili lakini mara nyingi kiasi cha kuzoea maiki, na wenzangu wanaoanza, wainjilisti, wazee wa kanisa, vijana waliopewa zamu ya kwanza, hunipigia simu na maswali ni yaleyale, tena wengi hupiga Jumamosi saa nne usiku. Sasa nimeyaweka hapa pamoja. Soma unachotaka, ruka unachojua.

Hubiri la Kilutheri lina tofauti gani? Si wote twahubiri Biblia ileile?

Biblia ni ileile ndio. Tofauti iko kwa kile tunachoamini kinatokea wakati mtu amesimama pale mbele anaongea. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 5, linasema ili tuipate imani Mungu aliweka huduma ya kuhubiri Injili na kutoa sakramenti, na kupitia hizo Roho Mtakatifu huleta imani. Yaani hubiri si somo kuhusu Mungu, ni Mungu mwenyewe anagawa kitu pale. Warumi 10:17 yasema imani chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo.

Mimi hufikiria hivi. Mtu ametembea kwa miguu toka Sabaki, jua la saa saba, kafika kwako koo limekauka. Unaweza kukaa naye ukamweleza maji yana faida gani mwilini, na kila utakachosema kiwe kweli. Au unaweza kumpa kikombe. Wahubiri wengi wazuri, watu wanaoijua Biblia kuliko mimi, wanaishia kwa maelezo ya maji na mtu anarudi nyumbani na kiu yake. Hubiri letu likiisha bila mtu kuambiwa kwamba Kristo amekufa na kufufuka kwa ajili yake yeye aliyekaa pale benchi la nyuma, basi kikombe hakijafika mkononi.

Hii "Sheria na Injili" kila mtu anaitaja, lakini nitaitofautisha vipi kwenye hubiri langu?

Sheria ni yale Mungu anayoyadai kwako, Injili ni yale Mungu anayokupa. Kusema ni rahisi, kutenda ndio kazi ya maisha mazima, na mimi nilijifunza kwa kukosea mbele za watu.

Kwa kalenda ya zamani ya mwaka mmoja, somo la Luka 5 la Petro na samaki huangukia Jumapili ya 5 baada ya Utatu Mtakatifu, yaani kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai, na hapo kwetu ni kusi tupu, bahari imechafuka, vyombo vidogo vimepandishwa pwani na nyumba nyingi zinakula kwa deni. Mimi nikapanda mimbarini nikapiga hubiri la moto, kwamba Petro alitii neno ndio nyavu zikajaa, na wewe ukitii nyavu zako zitajaa, watu wakaitikia amina za nguvu. Benchi la tatu alikaa baba mmoja mvuvi, chombo chake kilikuwa juu mchangani wiki ya tatu sasa. Hakuitikia. Alikuwa anaangalia viganja vyake, vina zile alama za mshipi ulizokata nyama zikapona zikakatwa tena. Baada ya ibada akanijia polepole akaniuliza, "Mwalimu, mimi neno nalitii, mbona dema zarudi tupu?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimemwambia mbele ya kanisa zima, bila kujua, ni kwamba imani yake ni ndogo. Hiyo ni Sheria, tena Sheria niliyoitunga mwenyewe, nimeivisha nguo za Injili.

Nilirudi nikalisoma tena lile somo nikaona nililoruka. Petro hakushangilia samaki. Alianguka magotini pa Yesu akasema, "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Na Yesu hakuondoka. Akamwambia, "Usiogope." Alafu wale samaki wote, mzigo ambao mvuvi angeuota mwaka mzima, wakaachwa palepale pwani. Sasa hubiri liko wapi hapo? Liko kwa Yesu aliyekataa kuondoka kwenye chombo cha mwenye dhambi. Hilo naweza kumwambia mvuvi wa kusi na wa kaskazi, mwenye samaki na asiye nao, na litakuwa kweli kwa wote wawili.

Njia yangu ya kujipima ni hii: nikimaliza kuandika nachukua kalamu napigia mstari vitenzi vyote. Nani anatenda? Kama kila mahali ni omba, funga, toa, jitahidi, amini zaidi, na Kristo hatendi lolote ila kutoa mfano mzuri, basi hubiri halijaisha, naongeza au naanza upya.

Na mpangilio wake nautazama kwa nabii Nathani, 2 Samweli 12. Kwanza hadithi ya kondoo, Daudi akakasirika mwenyewe, kisha akaambiwa mtu huyo ni wewe. Hakuachiwa mlango wa kutokea. Lakini alipokiri, palepale, bila kuwekewa masharti ya miezi sita, akasikia: "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Walther, yule mwalimu wa Walutheri wa St. Louis kule Marekani aliyefundisha jambo hili jioni za Ijumaa mwaka 1884 na 1885, alikaza sana kwamba tunaharibu Neno tukiwapa Injili wale waliostarehe na dhambi zao, na tukiwapa Sheria wale ambao tayari wanatetemeka. Na kanisani wote wawili wamekaa benchi moja, wakati mwingine ni mtu mmoja huyohuyo.

Lazima nifuate masomo ya kalenda ya kanisa?

Fuata. Kalenda inakuzuia kuhubiri ugomvi wako wa wiki hii, na inawalinda watu na sura zako tatu unazozipenda. Kuna Jumapili somo litakuwa gumu, hilo ndilo la kuhubiri.

Niandae vipi, na nianze lini?

Jumatatu. Si kuandika, kusoma tu kwa sauti, mara tatu nne, kwa sababu watu watalisikia kwa masikio hawatalisoma. Martin Luther, yule ambaye kanisa letu limebeba jina lake, mwaka 1539, kwenye dibaji ya maandishi yake ya Kijerumani, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu mwanatheolojia: sala, kutafakari, na majaribu. Hili la tatu ndilo watu hawalitaki. Lakini angalia, wiki ambayo mtoto anaumwa, karo haijalipwa na umekosana na mzee wa kanisa, ndiyo wiki ambayo somo linaanza kukusemesha wewe kwanza. Usiikimbie.

Jumatano niwe nimepata sentensi moja. Nikishindwa kuisema sentensi hiyo kwa mke wangu akiwa anakuna nazi na aielewe bila kusimamisha mkono, basi sijaipata bado. Alhamisi na Ijumaa naandika. Jumamosi nakata.

Niandike kila neno au noti tu?

Miaka yako mitatu ya kwanza andika kila neno, alafu zoea kuliacha karatasi. Anayeanza bila kuandika huzunguka, anasema "na jambo la mwisho" mara nne.

Dakika ngapi?

Kumi na tano hadi ishirini. Mabati yetu Februari yanawaka, kuna watoto, kuna mama aliyeamka saa kumi usiku kukanda unga wa mahamri kabla ya kuja ibadani.

Na wanaosinzia?

Matendo 20, kijana Eutiko alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka toka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa, na Mungu akamrudishia uhai. Paulo hakumgombeza. Usimtaje mtu anayesinzia kwenye maiki, humjui alilala saa ngapi.

Nitumie Kiswahili gani? Wengine wanasema cha Biblia, wengine cha mtaani.

Swali hili nalipenda. Mwaka 1530 Luther aliandika barua ya kuelezea alivyotafsiri Biblia, na humo akasema lazima umuulize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, uwaangalie midomo wanavyonena, ndipo utafsiri. Basi mimi nilichofanya ni kukaa sokoni. Nilikaa pale kwa wauza samaki na ndizi asubuhi nzima bila kununua kitu cha maana, nasikiliza tu watu wanavyoshawishi, wanavyolaumu, wanavyosamehe deni. Hakuna anayesema "wapendwa, katika muktadha huu." Watu husema, "Njoo nikwambie."

Tatizo kubwa ni maneno yetu makubwa. Chukua "kuhesabiwa haki", moyo wenyewe wa mafundisho yetu. Mtu wa kawaida akisikia haki anafikiria korti ya Malindi na kesi ya shamba. Kwa hivyo mimi hulieleza kwa daftari la deni la dukani. Kila mtu hapa analijua, lile la kurasa zilizokunjika, jina lako juu na chini yake unga, sukari, mafuta, unga tena, na ukipita mbele ya duka unainamisha uso. Siku moja unaitwa, unaenda ukiogopa, mwenye duka anakuonyesha ukurasa wako una mstari umepita toka juu mpaka chini, na anakwambia mtu amekuja kulipa lote. Hujalipa wewe, wala mwenye duka hajajisahaulisha, limelipwa kwelikweli na kwa gharama. Ukishaeleza hivyo, rudi ulitumie lile neno lenyewe, kuhesabiwa haki, usilitupe, manake watu wana haki ya kulijua.

Kama kuna mabibi wanaoelewa Kigiriama tu, tafuta mkalimani na mkae pamoja Jumamosi msome sentensi moja moja. Mkalimani ambaye hajaliona hubiri kabla atahubiri la kwake, na si kosa lake. Kazi hii ya kuhangaikia maneno huku Pwani ina historia: Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na CMS, shirika la wamisionari la Waanglikana, alifika Mombasa 1844, akazika mke na mtoto mchanga mwaka huohuo, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nikiona uvivu wa kutafuta neno sahihi namkumbuka yule mtu na makaburi yale mawili.

Baada ya Shakahola watu wanaogopa wahubiri. Nisimame vipi mbele yao?

Ni sawa waogope. Mwaka 2023, kwenye msitu wa Shakahola usio mbali na mji wetu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto, watu waliokuwa wakifuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Sisi tunaohubiri tusiseme ile ilikuwa ya watu wengine haituhusu. Silaha iliyotumika mwanzo kabisa ilikuwa maneno, toka kwa mtu aliyeshika Biblia kama sisi.

Miezi michache baadaye mama mmoja alinisubiri mlangoni ibada ilipoisha, akaniuliza waziwazi, mtoto amemshika gauni, "Baba, nitajuaje kwamba wewe si kama wale?" Nilitaka kuudhika, kisha nikaona ni swali halali kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamwambia mambo ambayo tangu siku ile nayafanya kwa makusudi. Nasema sura na aya, alafu nangoja, nasikia karatasi zikifunguliwa, sianzi mpaka zitulie. Sisemi "Mungu ameniambia" juu ya jambo ambalo halimo kwenye maandiko. Sina mafundisho ya siri ya kikundi cha jioni. Na sikujituma: kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg chasema mtu asihubiri hadharani kanisani bila kuitwa kwa utaratibu, kwa hivyo wako watu walioniita, wanaonisikiliza, na wana mamlaka ya kuniondoa pale nikipotoka. Nikamtajia mzee wa kumwendea kama atasikia kitu kisichoeleweka.

Na kwenye mahubiri yenyewe, taja mwili. Kristo alizaliwa na mwili, alikula samaki wa kuokwa baada ya kufufuka, ametuachia mkate, divai na maji. Mhubiri anayewafanya watu wachukie miili yao na kunyima watoto chakula anaongea habari za kristo mwingine. Liseme hilo wazi, na urudie kila mwaka.

Nizungumzie mambo ya wazee wanaoitwa wachawi? Nikisema watu watanichukia.

Zungumza. Huku Kilifi mvi zimekuwa hatari. Mzee anasingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kuna shamba, na wengine wameuawa na wengine wamekimbia nyumba zao wakaenda kujihifadhi Kaya Godoma kule Ganze. Wanaosingizia wengine wanabatizwa kwetu, wanaimba kwaya kwetu.

Anza na Katekismo Ndogo, kile kitabu cha Luther cha kufundishia imani cha 1529, watu waliijifunza kipaimara. Amri ya 5 kwa hesabu yetu Walutheri, usiue: Luther haishii kwa kutoua, anasema tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Amri ya 8, usimshuhudie jirani yako uongo: tumtetee, tumnene mema, mambo yake yote tuyachukulie kwa njia njema. Sasa liweke mahali pake. Mtoto akifa ghafla na mtu akanong'ona jina la babu fulani jikoni, amri ya 8 inavunjwa palepale, kabla panga halijashikwa. Mimi hulisema hivyo hasa, na kanisa hunyamaza kweli.

Lakini usingoje mpaka kuna maiti na watu wamepandwa na hasira ndio uhubiri hili, hapo hutasikika. Lihubiri siku ya amani. Na usiishie kwa kuwapiga Sheria, manake kinachowasukuma ni woga, woga wa kweli wa nguvu za giza. Mpe mtu huyo ubatizo wake: amekwisha kutiwa ndani ya Kristo aliyezishinda hizo nguvu, hahitaji kichwa cha babu ili awe salama.

Kwenye mazishi nihubiri nini?

Kifupi, na Kristo. Usisimulie maisha ya marehemu, ndugu watafanya hivyo, na wanasiasa watafanya zaidi wakipewa maiki, kwa hivyo ongea na familia mapema hubiri litangulie. Usimpeleke mtu mbinguni kwa sifa zake wala jehanamu kwa makosa yake. Soma Warumi 6, taja ubatizo, taja kaburi lililo wazi. Pale wapo watu ambao hawatakanyaga kanisani mpaka mazishi mengine.

Tumezungukwa na Waislamu, spika yetu yasikika mpaka kwao. Niseme nini juu ya dini yao?

Usiseme. Una dakika ishirini na Kristo hajaisha kusemwa. Ukimtaja jirani, iwe kwa mema, ile amri ya 8 haiishii mlangoni mwa kanisa. Na punguza sauti ya spika jamani, mabenchi yetu kumi hayahitaji sauti ya uwanja wa mpira.

Vijana wanahamia kwenye makanisa ya miujiza na mbegu. Tubadilishe mahubiri?

Badilisheni uvivu, msibadilishe ujumbe. Wengine wanaondoka kwa sababu sisi tunasoma karatasi kwa sauti ya kutangaza hesabu ya sadaka, hilo ni kosa letu na linarekebishika.

Ila kuna jambo la ndani zaidi. Luther kule Heidelberg mwaka 1518 alisema mwanatheolojia wa utukufu huita ubaya wema na wema ubaya, lakini mwanatheolojia wa msalaba huita kitu jinsi kilivyo. Kijana aliyesimamishwa kazi hotelini watalii walipopungua anaambiwa kule kwingine kwamba hiyo ni laana ya ukoo, atoe mbegu, yaani sadaka ya pesa, aifungue. Wewe ukiita kitu jinsi kilivyo utamwambia msimu umeisha, hoteli imefunga, si laana, inauma, na Mungu hakukuacha, manake Mungu wetu tunamjua kwa mtu aliyetundikwa msalabani akionekana kama ameachwa. Halipigiwi makofi hilo. Lakini wale wanaorudi baada ya mbegu kutoota, na wanarudi kimya kimya, wanakaa nyuma, hulitafuta hilohilo.

Naweza kuchukua hubiri YouTube au kuandikiwa na programu ya kompyuta?

Sikiliza wengine, jifunze, soma. Lakini kulichukua zima ukalisoma kama lako, hapana. Yule aliyeliandika hakumwona baba wa benchi la tatu.

Nahubiri miaka sasa na sioni mtu akibadilika. Nimechoka.

Mwanzoni mwa 1530 Luther mwenyewe alichoshwa na watu wa Wittenberg, walisikia Injili kila wiki na wakaishi vilevile, mpaka akatangaza mimbarini kwamba anaacha kuwahubiria, na kweli akakaa miezi. Alafu akarudi, na akaendelea mpaka Februari 1546, siku chache kabla ya kufa kwake, bado anahubiri kule Eisleben. Pumzika kama ni lazima, mwambie mchungaji wako, usijifiche.

Na ujue huoni yote. Yule baba mvuvi, mwaka uliofuata nililihubiri tena lile somo, safari hii na "Usiogope" yake. Hakusema lolote. Alinishika mkono mlangoni kwa muda mrefu, viganja vile vigumu, akaenda zake. Sijui kilichotokea ndani yake.

Na siku niliyoboronga kabisa?

Malizia kwa amina na ushuke, usiongeze dakika kumi za kujaribu kuliokoa. Ibada haijaisha: kuna ungamo la imani, kuna maombi, na kama mchungaji yupo siku hiyo kuna Meza ya Bwana. Nenda upige magoti na wenzako, unyooshe mkono upokee kama wao.